Mcheza Kwao Hutuzwa, na Mbwa Je?

Ukitaka kujua mbwa wa kwetu wamefundishwa nini, fanya jaribio moja dogo. Pita katika kijiji chochote kati ya Mbinga mjini na mwambao wa Ziwa Nyasa. Ukikutana na mbwa njiani, inama kama mtu anayeokota kitu. Usiokote chochote, inama tu. Mbwa ataondoka mbio, mkia katikati ya miguu, na akishafika mbali ndipo atageuka akubwekee. Hakuna aliyemkalisha darasani. Amefundishwa na mawe: mtu akiinama, jiwe linakuja.

Jaribio hilo linatuambia mambo mawili. Kwanza, wale wanaosema "mbwa wa kienyeji hafundishiki, wanaofundishika ni wale wa Wazungu" wanamsingizia. Mbwa koko amefaulu somo la mawe kwa A, tena bila sapu. Pili, sisi tumekuwa walimu wake siku zote, tupende tusipende. Kilichobaki ni kujiuliza tunamfundisha nini, na somo hilo linatugharimu nini.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu. Upande wa mama kwetu ni Mbinga kwa mjomba, ambaye ana shamba la kahawa, na Liuli kwa bibi, kule ziwani. Likizo ndefu nimekuwa nikigawanya kati ya sehemu hizo mbili, na kote kuna mbwa. Nikaanza kuchukua yale tunayofundishwa kwenye saikolojia ya elimu, yale tunayoyakariri usiku wa kuamkia mtihani, nikaona yanavyofanya kazi kwa mwanafunzi asiyejua Kiswahili wala Kingereza. Naandika kuwaeleza wenzangu nilichokielewa, kwa sababu wengi wetu tukirudi nyumbani tunamkuta mbwa mlangoni, na kwa sababu jambo hili linagusa uhai wa watu. Hilo la uhai nitalifikia.

Nadharia kidogo, msikimbie

Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa wake walianza kudondokwa na mate kabla hata chakula hakijafika. Dalili tu ya kwamba chakula kinakuja ilitosha. Mbwa huunganisha kitu na kinachofuata. Ndiyo maana mbwa wa kijijini anakimbia mtu anayeinama: ameunganisha kuinama na maumivu.

Edward Thorndike, Mmarekani, mwaka 1898 alieleza majaribio ya paka aliowafungia kwenye visanduku. Paka alihangaika mpaka kwa bahati akagusa kitasa, mlango ukafunguka, akatoka na kupata chakula. Kadiri alivyorudishwa mle ndani ndivyo alivyotoka haraka zaidi. Tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Linalofuatwa na jambo baya hupungua. Baadaye B. F. Skinner akaipanua hoja hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1938 ndicho chanzo cha haya tunayoyaita uimarishaji.

Sisi wa Kiswahili tulishayasema kwa maneno matatu: mcheza kwao hutuzwa. Akituzwa, kesho atacheza tena, na atacheza vizuri zaidi.

Morogoro wamefanya kwa panya

Kama unadhani haya ni mambo ya vitabuni, nenda Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Ndiyo, panya buku yule yule anayetumalizia karanga na mahindi. Wanafundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa.

Njia ni rahisi kuieleza. Panya anasikia mlio mfupi, "tik", halafu anapewa chakula kitamu, kwa mfano ndizi iliyopondwa. Baada ya siku chache anaelewa kwamba mlio ule maana yake ni chakula. Kisha mlio unatolewa pale tu anapofanya kinachotakiwa, yaani kusimama kwenye harufu sahihi na kukwaruza. Akikosea hapigwi. Anakosa ndizi, basi, na anajaribu tena. Masomo yote huchukua miezi tisa hivi.

Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na vitu vingine 38 vyenye baruti ambavyo havikuwa vimelipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Sasa fikiria: Watanzania wenzetu wa Morogoro wanamfundisha panya kazi ambayo kosa moja linaweza kuua mtu, na hawatumii fimbo hata siku moja. Halafu sisi tunasema mbwa bila kichapo haelewi.

Kichapo kinafundisha nini?

Kichapo kinafundisha, nakubali. Tatizo ni kwamba mara nyingi kinafundisha somo tofauti na lile alilokusudia mwalimu.

Chukua kisa cha kawaida kabisa. Asubuhi mbwa ameingia kwenye banda la kuku, amekula mayai. Mwenye nyumba yuko shambani anachuma kahawa. Jioni anarudi, anakuta maganda. Anaita kwa ukali, "Simba! Njoo hapa!" Simba anakuja. Anachapwa.

Simba amechapwa kwa kosa gani? Kwa akili ya mwenye nyumba, ni mayai. Kwa akili ya mbwa, mayai yalikuwa matamu, na tangu asubuhi yamepita mambo mengi. Tendo la mwisho alilofanya kabla ya fimbo ni kuitikia wito. Kwa hiyo amejifunza kwamba jina lake likiitwa kwa sauti ile, kwenda ni hatari. Kesho ataendelea kula mayai, ila ukimwita haji.

Watu husema, "Mbona nikimkemea anainamisha kichwa na kukwepa macho? Anajua amekosa." Kichwa kile kilichoinama ni woga wa sauti na uso wako. Ungemkemea hivyo hivyo siku ambayo hajala yai hata moja, angeinama vile vile.

Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha utafiti uliowalinganisha mbwa 92 wa kufugwa nyumbani. Wengine walitoka kwenye shule za mafunzo ya tuzo, wengine kwenye shule zinazotumia kuvuta shingo, kufokea na maumivu. Waliofundishwa kwa ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo, kotiso, ilipanda zaidi kwenye mate yao baada ya mafunzo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mbwa anayenguruma anatoa onyo: "Sijisikii salama, ongeza umbali." Ukimpiga kila anaponguruma, woga unabaki palepale, ila onyo linaondoka. Siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye mguu wa mtu, na watu watasema, "Huyu mbwa kang'ata ghafla." Hakung'ata ghafla. Kengele yake ilizimwa na binadamu.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha, jifunze kumsoma. Akipiga miayo wakati hana usingizi, akijilamba midomo wakati hakuna chakula, akigeuza uso pembeni, akionyesha weupe wa macho, akikaza mwili, ana wasiwasi. Mkia nao usikudanganye. Mkia unaochezacheza chini pamoja na kiuno chote ni furaha. Mkia ulionyooka juu, umekaza, unatikisika kidogo kidogo, si salamu hiyo. Watoto ndio wafundishwe hili kwanza, maana wao ndio wanaomkumbatia mbwa anayekula.

Somo kwa bei ya fungu la dagaa

Huhitaji biskuti za mbwa za dukani. Mwambao mzima, kuanzia Lituhi kushuka Liuli mpaka Mbamba Bay, dagaa wanaanikwa, na fungu dogo linatosha wiki kadhaa. Mkate dagaa mmoja vipande viwili au vitatu; tuzo iwe ndogo, ya kumezwa mara moja. Kule juu Mbinga, tonge dogo la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa nyama linafaa pia. Usimpe vitunguu wala chokoleti, na weka mbali buni na kahawa iliyopikwa, maana kafeini ni sumu kwa mbwa.

Chagua neno moja fupi litakalokuwa kama ule mlio wa Morogoro. Mimi natumia "Safi!" Siku ya kwanza sema "Safi!" kisha mpe kipande. Rudia mara kumi. Usidai chochote kwake. Akianza kukutazama mkono kila anaposikia neno hilo, ameshaelewa.

Hatua ya pili ni jina. Akiwa karibu, mwite kwa sauti ya kawaida. Akigeuza kichwa tu: "Safi!" na kipande. Kisha rudi nyuma hatua mbili, mwite tena. Polepole ongeza umbali: upande wa pili wa uwanja, nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba. Kuanzia sasa kuna sheria moja isiyovunjwa na mtu yeyote wa nyumba hiyo: mbwa aliyekuja alipoitwa hapigwi, hata kama amekula kuku mzima. Ukitaka kuokoa mayai, funga banda.

Hatua ya tatu ni kukaa. Shika kipande juu kidogo ya pua yake, kisogeze nyuma taratibu kuelekea kichwani. Kichwa kitapanda, makalio yatashuka. Yakigusa chini tu: "Safi!" Usimkandamize kiuno. Baada ya siku mbili tatu ongeza neno "kaa" kabla ya mkono. Huyu sasa ana njia ya kuomba kitu bila kukurukia na matope kifuani.

Muda ni kila kitu. Neno litoke papo hapo, tendo likiwa bado la moto. Nyie mnajua: bumu likichelewa wiki tatu, hakuna anayekumbuka limekuja kwa ajili ya nini, limeshaliwa na madeni. Tuzo ya mbwa ikichelewa hata kwa sekunde kumi, umeshatuza jambo jingine. Na masomo yawe mafupi, dakika tano asubuhi na tano jioni. Ukimchosha, atakufanyia kama tunavyofanya kwenye kipindi cha saa nane mchana.

Watu huuliza, je, nitatembea na dagaa mfukoni maisha yangu yote? Hapana. Akishajua, mpe mara moja moja, bila mpangilio. Tuzo isiyotabirika hushikilia tabia kwa nguvu zaidi kuliko inayokuja kila mara. Kama huamini, muulize jirani yako wa hosteli kwa nini mkeka wake umechanika mara kumi na tano na leo amebeti tena.

Na ukiwa na mtoto wa mbwa, una bahati. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi tangu kuzaliwa, ubongo wake unapokea mambo mapya kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Azoee watoto, wageni, bodaboda, kuku, mvua ya bati, kila jambo likiambatana na kitu kizuri. Samaki mkunje angali mbichi, ila umkunje bila kumvunja.

Siku ya chanjo

Sasa nifike kwenye uhai. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na katika kesi 99 kati ya 100 chanzo ni mbwa. Wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa Tanzania tumekuwa sehemu ya juhudi za kukimaliza: mbwa wamechanjwa kuzunguka Serengeti tangu miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2010 ulifanyika mradi mkubwa wa majaribio kusini mashariki mwa nchi pamoja na Pemba. Hesabu inayotumika ni kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa.

Sindano ipo, wataalamu wapo. Lakini sindano inahitaji mbwa anayeshikika.

Nimeishuhudia siku ya chanjo kijijini. Tangazo limepita jana, watu waje uwanja wa shule. Watoto ndio wanaotumwa na mbwa, wamewafunga kamba ya katani shingoni. Mbwa hajawahi kufungwa kamba maisha yake yote, hajawahi kuguswa isipokuwa kwa fimbo, na leo anaburutwa kwenye uwanja wenye mbwa arobaini wengine. Nimeona wanaume watatu wakimzunguka mbwa mmoja karibu saa nzima. Mwisho akakata kamba, akapotelea kwenye mibuni. Wengine hawakuletwa kabisa, wenye mbwa wakasema, "Yule hashikiki." Mbwa yule asiyeshikika, anayezurura, asiye na chanjo, ndiye mtoto wa darasa la pili atakutana naye kesho njiani akienda shule.

Hapo ndipo mayai ya Simba yanapotudai. Tulimfundisha kwamba mkono wa mtu ni hatari na wito ni mtego. Siku tunayomhitaji aje, haji.

Kwa mjomba tulianza wiki sita kabla. Gusa shingo, "Safi!", dagaa. Gusa sikio, dagaa. Mvalishe kamba laini, dagaa, ivue. Kesho ivae muda mrefu zaidi. Shika kichwa kwa upole, mtu mwingine abonyeze ngozi ya bega kidogo kama sindano, dagaa. Kisha tukawa tunatembea naye mpaka uwanja wa shule siku za kawaida, pasipo sindano yoyote, anakula viwili vitatu tunarudi. Siku yenyewe ilipofika Simba alikaa mwenyewe mbele ya afisa mifugo, akachomwa, akapata kipande chake, tukaondoka. Ilichukua kama nusu dakika. Mjomba, ambaye wiki zote hizo alikuwa akinicheka, aliniuliza dagaa wamebaki wangapi.

Lakini mbwa mlinzi si atakuwa laini?

Hili nimeulizwa sana, hasa na wanaolinda kahawa kwenye vichanja msimu wa kuanika. Kubwekea mgeni ni asili ya mbwa, haitoki kwa sababu umempa dagaa. Kinachoongezeka ni kwamba ukimwita anaacha. Mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi anarudi na miguu yake mizima. Na mwizi anayerusha nyama, ni nani wa kwanza kuidaka? Ni mbwa mwenye njaa aliyezoea kwamba nyumbani kwake hapati chochote ila mateke.

Wengine huniuliza, "Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa, unafananisha watoto na mbwa?" Hapana. Mtoto unaweza kumweleza, ukamsikiliza, mkaelewana. Mbwa huwezi kumweleza kitu, na ndiyo maana anatuonyesha waziwazi kile hasa tulichokifundisha, tukikitoa maneno na nia njema. Kanuni za shule zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kabla ya kuvitumia siku nikiwa na darasa langu, nitajiuliza swali lile lile nililojiuliza kwa Simba: hapa mwanafunzi amejifunza kutofanya kosa, au amejifunza kutokuja ninapomwita?

Tunakaribia likizo. Ukifika nyumbani, anza na jina na neno moja. Muulize afisa mifugo wa kata chanjo ni lini. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na maeneo mengi huchanja karibu na siku hiyo. Chanjo ni kila mwaka. Na mtu yeyote aking'atwa, hata kama ni mbwa wenu wenyewe, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.